Talaka ya Sikukuu

Bibi Mgeni wa Rahaleo, Mtwara, hakuwahi kupiga mpira hata kwa bahati mbaya, lakini ukitaka kujua kama kijana fulani ni mshambuliaji au ni mkimbiaji tu aliyevaa namba tisa, ulimuuliza yeye kabla ya kumuuliza kocha. Kwa miaka thelathini na moja alifua jezi za Chumvi FC. Timu ile ilianzishwa na vibarua wa mashamba ya chumvi, haikupanda daraja hata mara moja, na mali yake yote ilikuwa mipira miwili na fulana kumi na moja. Kila mechi ikiisha, fulana hizo zililetwa uani kwake ndani ya kiroba, zimeloa jasho na vumbi jekundu, na kabla ya mechi nyingine zilitakiwa ziwe kambani zimekauka. Maji ya kisima cha mtaa ule yana chumvi, povu halishiki, vidole vinachubuka. Yeye alifua na huku akisoma.

Alisoma uchafu. Jezi ya beki, alisema, huchafuka mbavuni. Jezi ya mshambuliaji mwenye pupa huchafuka kifuani, maana huanguka mbele akiufukuzia mpira uliokwisha kumpita. Jezi ya mshambuliaji mwoga hurudi safi. Na jezi ya mshambuliaji wa kweli huchafuka mgongoni, kwa sababu beki amemng'ang'ania dakika tisini, amemvuta, amemwangusha chali, naye hakutoka pale. "Mgongo ndio unaofunga," aliwaambia vijana waliokuja kuchukua jezi zao. "Mguu unamalizia tu." Walimcheka. Baadaye wengine wakawa makocha, wakayasema maneno yaleyale bila kumtaja aliyeyasema kwanza, ndio binadamu tulivyo.

Mgongo mchafu kuliko yote aliowahi kuufua ulikuwa wa mumewe, Nassoro, aliyevaa namba tisa mpaka goti la kushoto lilipomgomea. Nassoro alifariki miaka minane iliyopita. Siku ya msiba, wanawake wakiwa bado wanalia ndani, mjukuu wake Zulfa alivaa viatu vya marehemu, akatoka uani akichechemea kama babu yake, akasimama mbele ya wageni na kusema kwa sauti ya kukwaruza, "Mnalia nini? Mbona nilipokuwa naumwa hamkuja hata na ndizi?" Watu walicheka huku machozi yakiwatiririka. Bibi Mgeni alicheka kuliko wote. Hapo ndipo alipoanza kupona.

Ndivyo utani wa babu, bibi na wajukuu ulivyo huku kwetu. Mjukuu wa kiume ni mume, wa kike ni mke mwenza, na heshima yote ya dunia wameachiwa wazazi. Bibi humwita mjukuu wake kibogoyo, mvivu, jizi la sukari. Mjukuu humwambia bibi kwamba ataoa mwingine mwenye meno. Anayenuna hutozwa kuku. Mtoto hufundishwa hayo kabla hajajua kufunga vifungo vya shati, na hakuna anayekumbuka siku aliyofundishwa.

Binti yake, Sabra, alipata bahati nasibu ya viza akiwa ameolewa mwaka mmoja tu, akaenda na mumewe kukaa Ohio, Marekani. Huko akazaa mtoto wa kiume, wakamwita Yassini. Mwaka wa kwanza Sabra alisema watakuja mtoto akitambaa, halafu akitembea, halafu akianza shule. Kila safari ilikuwa na sababu ya kuahirishwa na kila sababu ilikuwa ya kweli. Bibi Mgeni akamlea mumewe huyo kwa simu.

"Mwambie mume wangu," alikuwa akisema kila Jumapili, Sabra akiwa ameushikilia uso wa mtoto mbele ya kioo, "mwambie huyo mwenye masikio kama sahani za pilau kwamba nimechoka kumngoja. Muuza mkaa ameshaleta barua ya posa."

Sabra alimgeukia mtoto, akasema maneno mawili matatu ya Kiingereza, na mtoto akatabasamu, akapunga mkono.

"Mbona umesema kidogo hivyo?" Bibi aliuliza siku moja. "Mimi nimetaja sahani, nimetaja mkaa."

"Kiingereza kinafupisha, Mama."

Kumbe Kiingereza hakikufupisha kitu. Shuleni watoto walikuwa wakimcheka Yassini masikio hadi akarudi nyumbani analia, na Sabra, aliyekuwa akitoka kazini mifupa inamuuma, hakutaka mtoto ayasikie tena kwa bibi yake. Kwa hiyo kila Jumapili, lolote lililosemwa Rahaleo, Yassini aliambiwa jambo moja tu: Bibi anakupenda sana, anakuombea. Si uongo. Lakini ni kama kumpa mtu sukari kila siku ukamwambia ndiyo chakula cha kwao.

Yassini akakua mrefu, akawa na kasi, akaingia katika shule za mpira za huko kwao ambako watoto hupimwa mbio kwa mashine. Alipotimiza miaka kumi na nane, klabu moja ndogo ya Denmark, daraja la pili, ikamchukua. Siku hizi washambuliaji wadogo wa Kimarekani wanapelekwa Ulaya kama mbuzi wanavyopelekwa mnadani, wengi, mapema, na wachache ndio wanaobaki. Katika nyumba ya klabu walikuwa wanne kutoka Marekani, na wawili kati yao walikuwa wa namba tisa: Yassini, na kijana wa Texas aliyeitwa Elisha. Kocha aliwapokea kwa maneno ambayo Yassini alikuja kumsimulia bibi yake: "Kwenu mmefundishwa kukimbia. Hapa mtafundishwa kusimama."

Kule, mbali na mama yake, kijana alifanya jambo ambalo hakuna aliyemtuma. Kila akitoka mazoezini alijifungia chumbani na daftari, akajifunza Kiswahili. Miezi minne hakumwambia mtu. Halafu siku moja simu ya Bibi Mgeni ikaita mlio wa ujumbe wa sauti, na sauti nzito, ya polepole, kama ya mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, ikasema: "Shikamoo, Bibi. Mimi ni Yassini. Ninajifunza lugha yako. Tafadhali sema polepole, nataka kukusikia mwenyewe."

Bibi Mgeni aliurudia ujumbe ule mpaka chaji ikaisha. Kisha akaenda kwa jirani kuchaji, akamsikilizisha na jirani.

Kwa kuwa mtoto aliomba polepole, Bibi akaenda polepole. Aliweka matusi yake kando, akasema naye maneno mepesi: chakula, mvua, mpira. Alimwita mume wangu, Yassini akauliza maana yake, naye akamwambia, "Wewe ni mume wangu na mimi ni mke wako, ndivyo ilivyo kwetu." Kijana alilipenda sana neno hilo. Akaanza na yeye: habari za asubuhi, mke wangu, usiku mwema, mke wangu. Bibi akaona mambo yameiva. Aliyeshika mke na mume, alifikiri, ameshashika na mengine.

Mpira ndio ulioiunganisha mioyo yao. Bibi alimtaka baada ya kila mechi apige picha jezi yake kabla haijafuliwa, mbele na nyuma, amtumie. Picha za kwanza zilipofika alivaa miwani, akamwita Zulfa, ambaye ni fundi cherehani na anakaa naye, waitazame pamoja.

"Kifua," akasema. "Ona majani haya. Kifua na magoti. Mume wangu ana pupa."

Akamtumia ujumbe. "Unaondoka kabla ya mpira, ndiyo maana beki anakuona. Simama naye. Mwache akuegemee. Akigeuza shingo kuutazama mpira, hapo hapo, pita nyuma ya kisogo chake. Babu yako hakuwa na mbio, alikuwa na subira."

Yassini aliandika neno kisogo katika daftari lake. Jumamosi iliyofuata alisimama, akaegemewa, akangoja, beki akageuza shingo, naye akapita. Bao. Alituma video, na Bibi Mgeni akapiga vigelegele mpaka wapangaji wa nyumba ya pili wakadhani kuna posa. Kufikia mwisho wa Oktoba alikuwa na mabao matano, na migongo ya jezi zake ilikuwa imeanza kuiva kwa tope la kule. Kocha akamuuliza ni nani anayemfundisha. Akasema, bibi yangu, anafua nguo. Kocha alicheka, lakini siku ya pili akamwambia awaoneshe wenzake ile mbio ya kisogoni, na Yassini akamfundisha Elisha.

"Ligi inaisha Juni," akamwambia bibi yake. "Juni nitakuja Mtwara, mke wangu. Nitakula ming'oko, vile viazi vya porini ulivyonisimulia. Nitaona kaburi la Babu."

Rahaleo nzima ikaambiwa. Muuza genge aliambiwa, imamu aliambiwa, wazee waliokuwa wamewahi kuvaa fulana za Chumvi FC waliambiwa wakae tayari, maana mume wake atataka kucheza nao. Zulfa alishona mapazia mapya ya chumba cha mbele. Miaka kumi na tisa Bibi Mgeni hakuwa amemgusa mtoto yule hata kidole, na sasa aliihesabu miezi kwa sauti, kama mtoto anayengoja sikukuu.

Halafu mabao yakakauka. Novemba hakufunga. Desemba ligi ikasimama kwa baridi. Januari goti lilivimba mazoezini, akakaa wiki tano, na aliporudi alikuta Elisha yuko katika nafasi yake na anafunga. Yassini akawekwa benchi. Hayo yote Bibi hakuambiwa. Kijana alimwambia tu kwamba kuna baridi, na kwamba anafanya bidii. Aibu ya mwanaume wa miaka kumi na tisa haina tafsiri. Mechi tisa zilipita bila bao lake, Zulfa akimsomea Bibi majina ya wafungaji kwenye simu na mara kwa mara akikuta la Elisha, na baada ya mechi ya mwisho kabla ya Idd, Bibi alipomsumbua sana kuhusu picha, alituma moja. Jezi nyeupe, safi, haina hata unyasi mmoja.

Sasa, mtu mwingine yeyote angeelewa kwamba jezi hiyo haikucheza. Lakini Bibi Mgeni alikuwa mfuaji wa Chumvi FC, timu ya fulana kumi na moja. Kwao aliyekaa benchi alikaa na shati lake la nyumbani, akingoja mwenzake avue. Katika miaka thelathini na moja hakuwahi kufua jezi ya mtu ambaye hakuingia uwanjani, na haikumpitia akilini kwamba kuna nchi ambako hata wanaokaa wana jezi. Alijua sababu moja tu ya jezi ya mshambuliaji kurudi safi.

Siku ya Idd uani palijaa. Pilau lilikuwa limeshaliwa, watu wamekaa kwenye mikeka wanashushia na chai, na majirani wakaanza kumchokoza. Mume wako Mdenishi mbona kimya? Hata kanga ya sikukuu hakuleta? Zulfa naye akachochea: "Mke mwenzangu ameachwa, hataki kusema."

"Niachwe mimi?" Bibi Mgeni akasimama, akajifunga kanga kiunoni. "Leta simu. Leo ataachwa yeye."

Kila mtu akajisogeza. Mwanamke kutoa talaka! Hata watoto walianza kucheka kabla hajafungua mdomo. Zulfa akabonyeza kitufe cha sauti, na Bibi, kwa furaha yake yote, kwa haraka yake yote ya nyumbani ambayo alikuwa ameifungia miezi ile, akasema:

"Wewe Yassini wa Sabra! Leo mbele ya mashahidi nakupa talaka, moja, mbili, tatu! Mume gani mechi tisa hajacheka na nyavu? Unaniletea jezi safi kama ya bwana harusi! Umemwogopa beki, mwoga we! Masikio makubwa, magoli hakuna! Nassoro angekuona angeomba arudishwe kaburini. Sikutaki tena, rudi kwa mama yako. Mimi naolewa na Elisha wa Texas, huyo ndiye mwanaume, huyo anafunga!"

Uani wakaangua kicheko mpaka mtu mmoja akamwaga chai. Bibi akaketi, anapepewa, anafuta machozi ya kucheka. Ujumbe ukaenda. Dakika chache baadaye Zulfa akasema, "Ameusikiliza."

"Sasa ngoja," Bibi akasema. "Anatunga tusi."

Wakangoja. Mjukuu aliyepewa talaka mbele za watu hawezi kukaa kimya, atakurudishia mara mbili: atakwambia nenda salama, kikongwe, nilikuwa nakuonea huruma tu. Bibi Mgeni alilala na simu karibu na mto. Siku ya pili hakuna kitu. Siku ya tatu aliwaambia majirani kwamba tusi linalochukua siku tatu litakuwa la kusomwa msikitini. Siku ya tano aliacha kulitaja. Akapiga simu, haikupokelewa. Siku ya nane, saa tisa alasiri, Sabra akapiga kutoka Ohio, na sauti yake haikuwa na salamu.

"Mama, ulimwambia nini mtoto?"

"Ntoto kanuna? Nilimpa talaka tu, siku ya Idd. Tulikuwa watu wengi, tumecheka kweli. Mwambie ana faini ya kuku."

"Mama, Yassini yuko hapa nyumbani. Ameacha mpira."

Bibi Mgeni aliketi kwenye kiti cha cherehani cha Zulfa.

Sabra akamweleza. Goti. Benchi. Elisha. Jezi ambayo haikuingia uwanjani. Kijana alikuwa akiambiwa kila siku, na kila mtu, kwa adabu, kwamba pengine hatoshi, naye alikuwa akijipa moyo kwamba kuna mtu mmoja duniani, anayejua mpira kweli, ambaye anamwamini. Ujumbe ulipofika alifurahi, Sabra alisema, maana ndiyo mara ya kwanza aliyasikia maneno ya kasi na akayaelewa yote bila daftari. Alielewa talaka. Alielewa mwoga. Alielewa kwamba babu yake angemwonea aibu, na kwamba bibi yake amemchagua mwingine. Alisikia na watu wakicheka nyuma. Wiki ile ile akaiomba klabu imwachie aende, ikiwa imebaki miezi miwili ya ligi, na klabu ikamwachia.

"Lakini ni utani!" Bibi alisema. "Sabra, ni utani! Hukumfundisha mtoto utani?"

Bibi akazikumbuka Jumapili zile za simu.

"Nilipokuwa nasema sahani za pilau, ulikuwa unamwambiaje?"

"Nilikuwa namwambia unampenda, Mama."

"Miaka yote?"

"Walikuwa wanamcheka shuleni. Nilikuwa nachoka. Nilidhani siku moja tutakuja, atajionea mwenyewe."

Bibi Mgeni moyo ulimuuma kama jino. "Kwa hiyo miaka kumi na tisa nimekuwa nikisema na mume wangu," alisema, "na siku aliyonisikia ilikuwa ile."

Sabra alianza kulia. "Hata hivyo wasingemwongezea mkataba, Mama. Walikuwa wameshaamua. Si wewe."

Pengine ilikuwa kweli. Lakini Bibi Mgeni sasa alimjua bintiye kuwa hodari wa kulainisha maneno, na tangu siku hiyo hakuna neno la Sabra lililoweza kumtuliza.

Alituma ujumbe wa sauti kila siku. Alieleza utani tangu mwanzo, kama anavyoelezwa mgeni. Alieleza kuhusu Chumvi FC na fulana zake kumi na moja. Alisema, mimi ndiye niliyekosa, mimi ndiye ninayetozwa faini, akamwambia Zulfa amshike jogoo mwekundu, amfunge miguu, ampige picha, waitume. Tiki ikabaki moja, ya kijivu. Jogoo hakufunguliwa, wala ujumbe wa kabla yake, wala wa baada yake. Majirani waliocheka siku ya Idd walipita mbele ya nyumba wakiamkia kwa sauti ndogo, na mmoja akaja kuomba radhi kwa kucheka, jambo lililomuumiza Bibi kuliko kama angekaa kwake.

Mwezi Mei Zulfa, akidhani anamfariji, alimtafutia video ya ile klabu ya Denmark. Elisha alikuwa amefunga. Bibi akavaa miwani. Akamwona kijana mrefu, mweupe, amesimama na beki mgongoni, anaegemewa, anangoja. Beki akageuza shingo. Elisha akapita nyuma ya kisogo chake, akafunga, na wenzake wakamrukia. Bibi Mgeni akairudia mara ya pili, akavua miwani, akamwambia Zulfa azime.

Juni ikafika. Ming'oko ilikuwapo sokoni, hakuinunua. Tarehe kumi na nne, mchana, simu ikaita, na kwenye kioo akatokea Yassini mwenyewe. Alikuwa amekonda uso. Amevaa fulana ya kazi yenye jina la ghala fulani, na nyuma yake palikuwa na ukuta mtupu.

"Shikamoo, Bibi."

Alisema bibi, hakusema mke wangu. Mwanamke yule alilisikia, akakataa kulisikia. Hakuitikia salamu. Badala yake alijikaza, akamfungulia mlango kwa njia pekee aliyoijua.

"Usiniamkie mie! Nani kakwambia mkeo anaamkiwa kama mkuu wa wilaya? Miezi miwili na nusu umenitelekeza, mwanaume mbovu we. Haya, nitukane. Niite kikongwe. Sema sina meno."

Yassini aliinamisha kichwa kidogo, kama kijana aliyelelewa vizuri mbele ya mkubwa. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka sasa kuliko zamani. Inaelekea hakuwa ameacha kujifunza, na hilo ndilo lililomfanya Bibi apate matumaini kwa muda mfupi.

"Samahani, Bibi. Mama amenieleza. Nimeelewa kwamba ulikuwa utani. Sina kinyongo na wewe."

"Kama huna kinyongo, nitukane."

"Siwezi, Bibi. Si heshima."

"Mara moja tu. Mume wangu, tafadhali. Neno moja baya."

Zulfa alikuwa ameacha kukanyaga cherehani. Kijana alifikiri. Ilionekana anajaribu kweli, anatafuta neno, midomo inasogea, na kwamba kila analolipata linarudi ndani. Alikuwa amemsamehe bibi yake kwa moyo wote, ila pale mahali pa kuchezea hapakuwapo tena.

"Ulisema kweli, Bibi," alisema mwishowe, kwa upole mkubwa. "Kuhusu mpira. Mimi sikuwa mshambuliaji. Wengine waliogopa kuniambia wazi. Nakushukuru."

Bibi Mgeni alifungua mdomo. Alitaka kusema kwamba alikuwa na mgongo wa babu yake, kwamba Oktoba ile hakukuwa na mtoto kama yeye, kwamba ile mbio inayofunga mabao huko Denmark ni yake. Akajua kuwa atamsikiliza mpaka mwisho, ataitikia naam, Bibi, na hataamini hata moja, kwa kuwa siku zote aliambiwa mazuri na mazuri yakaja kuonekana kuwa ni ya kulainishwa.

Kijana akangoja. Alipoona kimya kimezidi, akafikiri kwamba salamu yake haikusikika, akairudia taratibu, kwa matamshi safi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba," alisema Bibi Mgeni. "Marahaba, mjukuu wangu."

Yassini akatabasamu kwa kuwa amejibiwa. Akasema lazima arudi kazini, akamtakia afya njema, na simu ikakatika.